Wosia upo, lakini uko wapi?

Karani wa mahakama anayepokea maombi ya mirathi haanzi kwa kuuliza wosia unasema nini. Huugeuza mbele na nyuma, huutazama wino, kisha huuliza: huu ndio wenyewe au ni fotokopi? Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Karatasi iliyosomwa kwa sauti siku ya kuanua matanga, wajomba wakaitikia na shangazi wakalia waliposikia majina yao, inageuka kuwa kivuli cha karatasi nyingine ambayo hakuna anayejua iliwekwa wapi.

Tumehimizwa sana kuandika wosia. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wamehimiza, mashirika ya msaada wa kisheria yamehimiza, mapadri na masheikh pia. Hatuna ugomvi na himizo hilo, ila limeishia nusu ya njia: mtu hufundishwa kuandika, huambiwa afanye siri, halafu huachwa. Wosia ni ushahidi wa mtu ambaye hataweza kuitwa mahakamani aeleze alichomaanisha. Kila kinachoupa nguvu, yaani wino wake, mashahidi wake na mahali ulipotunzwa, lazima kipangwe yeye angali hai. Kwa maoni yetu, usiri uliopitiliza huua wosia nyingi kuliko wakili wa upande wa pili.

Tunayosema hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina njia yake, ambako mirathi ya Waislamu hupitia Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kwa nini mahakama ikazanie karatasi halisi? Sababu ya kwanza ni ya macho. Fotokopi haionyeshi kama kalamu ilibonyeza karatasi, kama ukurasa wa pili ulichapwa siku nyingine kwa mashine nyingine, kama kuna neno lililofutwa kwa wino mweupe, au kama matundu ya pini ya kona yanaonyesha kwamba karatasi ziliwahi kufunguliwa na moja ikabadilishwa. Mtaalamu wa maandishi akiitwa kulinganisha sahihi, atataka ile ya wino.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na wengi hawaijui. Mtu anaruhusiwa kufuta wosia wake kwa kuuchana au kuuchoma. Kwa hiyo, wosia uliokuwa mikononi mwa marehemu usipoonekana baada ya kifo chake, kanuni ya kale ya Kiingereza ambayo mahakama zetu ziliirithi huanza kwa kudhani kwamba aliuharibu mwenyewe kwa makusudi. Dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi, lakini kazi ya kuivunja inamwangukia anayeushikilia wosia. Kama ulikuwa kwa wakili au RITA, dhana haina pa kusimama, maana marehemu hakuwa nao. Sentensi hiyo moja inatosha kueleza kwa nini uvungu wa kitanda ni mahali pabaya, hata kama nyumba haina mwizi wala mchwa.

Basi tuanze na msako. Cha kwanza mkononi ni cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, na ofisi nyingi zitakurudisha ukienda nacho. Nyumbani, chumba cha marehemu kifunguliwe mbele ya watu wa pande zote zinazoweza kugombana: mjane au mgane, mtoto mmoja wa kila mama, na mtu mmoja asiye na fungu. Kila hati inayoonekana iandikwe kwenye daftari na waliopo watie sahihi. Wosia ukipatikana usitolewe pini, usitobolewe matundu ya faili, usiandikwe chochote pembeni, usipigwe laminesheni. Upigwe picha kila ukurasa pale pale, uingizwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe na iandikwe tarehe. Wanaopenda kuurekebisha kidogo, kwa mfano kujaza namba ya kiwanja iliyosahaulika, wanauua wosia kwa mikono yao.

Usipoonekana, tafuta nyayo zake. Mtu anayeweka wosia mahali huacha alama: stakabadhi ya RITA, risiti ya ada ya wakili, kadi ya wakili ndani ya pochi, makato ya utunzaji wa hati kwenye taarifa ya benki, barua ya parokia. Mara nyingi nyayo hizi zimo kwenye bahasha ya hati ya nyumba au ya bima. Mikataba ya mauziano nayo husaidia, maana wakili aliyeshuhudia ununuzi wa kiwanja mara nyingi ndiye aliyeandika na wosia. Kama wakili huyo amefariki au amefunga ofisi, faili zake zimechukuliwa na mtu. Chama cha Mawakili wa Tanganyika ndipo pa kuanzia kuuliza.

Hakuna sheria inayomlazimisha Mtanzania kusajili wosia wake, kwa hiyo hakuna daftari moja la kufungua na kupata jibu. Inabidi kubisha hodi mlango kwa mlango: RITA, wakili, benki, kanisa au msikiti wake, mahakama iliyo karibu na alipoishi, na mwenyekiti wa ukoo. Kila mahali peleka barua, usiende kwa mdomo tu. Barua itaje majina yote aliyotumia marehemu, tarehe ya kifo, uhusiano wako naye, na iambatishwe nakala ya cheti cha kifo na ya kitambulisho chako. Omba jibu la maandishi hata kama jibu ni kwamba hawana. Wengi huona hilo la mwisho ni usumbufu. Lakini barua tano za "hatuna" ndizo zitakazoishawishi mahakama baadaye kwamba ulitafuta kweli, pale utakapolazimika kutegemea fotokopi.

Ukiambiwa wosia upo, usishangae ukikataliwa kupewa. Mtunzaji makini hamkabidhi wosia halisi ndugu yeyote anayefika na cheti cha kifo. Humkabidhi wasii, yaani yule aliyetajwa ndani ya wosia kuwa mtekelezaji, au huupeleka mahakamani. Huo ni ulinzi wako pia. Kama wewe si wasii, omba kuonyeshwa jina la wasii na uombe kwa maandishi kwamba wosia upelekwe mahakamani. Anayekabidhiwa asaini hati inayotaja idadi ya kurasa na hali ya karatasi, maana mizozo mingi ya kurasa zilizopotea huzaliwa kati ya kaunta na nyumbani.

Hali ngumu zaidi ni pale wosia uko kwa ndugu anayekataa kuutoa. Kelele za kikao hazimsaidii mtu. Mwandikie barua ya madai yenye tarehe, kisha fungua shauri la mirathi na uiombe mahakama imwite aje na hati hiyo. Mahakama ina mamlaka ya kumwita mtu alete kilicho mikononi mwake. Kama unahofia kwamba mwingine atapeleka maombi kimyakimya akidai marehemu hakuacha wosia, Mahakama Kuu inapokea kaveati, tahadhari ya maandishi inayozuia maombi yasiamuliwe bila wewe kusikilizwa. Hudumu miezi 4, kisha huwekwa upya. Watu hukumbuka kuweka ya kwanza, husahau ya pili, na mwezi wa tano ndio mwenzao hupenya.

Kuhusu kughushi, Kanuni ya Adhabu imeuweka wosia kwenye kundi moja na hati za ardhi: adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mwenye kumshauri mpwa wake kwamba "tuweke tu sahihi ya mzee, wote tunajua alitaka hivi" na ajue anamshauri nini.

Na kama umepotea kweli? Sheria ya Usimamizi wa Mirathi haijafunga mlango. Wosia uliopotea baada ya kifo, au ulioharibiwa kwa ajali au kwa hila ya mtu mwingine, unaweza kuthibitishwa kwa nakala au kwa rasimu iliyobaki, na kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi hutolewa kwa sharti kwamba halisi ukionekana utaletwa. Hata bila nakala, maudhui yanaweza kuthibitishwa kwa ushahidi. Lakini pima uzito wake: utahitaji viapo vya mashahidi waliosaini, kiapo cha aliyeuchapa, maelezo ya nani aliuona mara ya mwisho, lini na wapi, pamoja na zile barua za "hatuna". Rasimu iliyo kwenye kompyuta ya wakili, yenye tarehe, ni dhahabu. Sauti ya WhatsApp ambayo marehemu anasema nyumba ni ya mdogo wetu si wosia wa maandishi, na wala si wosia wa mdomo kama hapakuwa na mashahidi wanaotakiwa.

Jambo moja huwaudhi ndugu baada ya yote haya: wosia halisi ukishawasilishwa mahakamani haurudi nyumbani. Unakaa kwenye jalada. Mnachochukua ni nakala zilizothibitishwa kwa muhuri wa mahakama, na ni busara kuomba kadhaa kwa mara moja. Lakini msidhani nakala hizo ndizo zitafungua benki. Benki, ofisi ya ardhi na mamlaka ya magari hazitekelezi wosia. Zinafuata kibali au barua ya uteuzi iliyotolewa na mahakama. Kwa ardhi yenye hati, umiliki huandikishwa kwanza kwa jina la mwakilishi wa marehemu, kama mwakilishi, kisha kwa mrithi. Anayejaribu kuruka hatua ya kwanza hupoteza mwaka.

Mahakama Kuu pia huangalia muda. Maombi yakiletwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu kifo, lazima yaeleze sababu za kuchelewa. Na kibali kikishatoka kazi haijaisha: orodha ya mali na madeni inatakiwa ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka. Mahakama ya Mwanzo ina kasi zaidi, miezi 4 kwa vyote viwili, orodha kwa Fomu Na. V na hesabu kwa Fomu Na. VI. Kabla ya kibali mali haiguswi. Kenya wameliandika hilo kwa ukali ndani ya Sheria ya Urithi, kifungu cha 45: anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini yenyewe imezeeka, lakini kifungo bado kinauma.

Tuje sasa kwenye kuandika wa kwako. Swali la kwanza si nani apate nini. Ni hili: sheria ipi itausoma wosia huu? Tanzania Bara ina tatu zinazotembea pamoja. Kuna sheria za mila, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Kuna sheria ya Kiislamu. Na kuna sheria ya India ya mwaka 1865, ambayo India yenyewe iliachana nayo ilipotunga mpya mwaka 1925, sisi bado tunaitumia. Tangu miaka ya 1960 mahakama hupima mambo mawili: marehemu aliishi maisha ya namna gani, na maneno au matendo yake yalionyesha alitaka afuatwe kwa sheria ipi. Kabila na jina la ubatizo peke yake havitoshi. Kipimo hiki pia ndicho kinachoamua shauri lifunguliwe wapi, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale tu sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Familia hukaa miaka katika Mahakama ya Mwanzo, kisha kila kitu kinafutwa kwa sababu marehemu alifunga ndoa kanisani, akaishi mjini na kuacha kabisa taratibu za mila. Sentensi moja ndani ya wosia, ikieleza mwenyewe anaishi kwa kufuata utaratibu gani na anataka mali yake isimamiwe kwa sheria ipi, ingeokoa miaka hiyo. Sentensi hiyo haiifungi mahakama, lakini kipimo cha nia ya marehemu kinaitafuta sentensi ya aina hiyo hasa.

Tofauti ya sheria hizi inaonekana kwa mashahidi. Kwa sheria za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili na wawili, na huweka dole gumba. Mashahidi wawe wanajua kusoma na kuandika, wawepo wote kwa wakati mmoja, na mke au wake waliopo nyumbani siku hiyo wahusishwe zaidi ya hao. Wino usiwe wa kufutika, na tarehe iwepo. Wosia wa mdomo unataka wanne, wawili wa ukoo na wawili baki, na wakifa wote kabla ya mwenye wosia, umekufa nao. Huwezi kufuta wosia wa maandishi kwa maneno ya kitandani. Wakenya nao wanakubali wosia wa mdomo, lakini kwa mashahidi wawili na kwa sharti kwamba aliyeusema afariki ndani ya miezi 3.

Kwa sheria ya 1865 mashahidi ni wawili tu, ukoo haumo, na si lazima wajue kilichoandikwa, wanashuhudia sahihi. Mtego wake uko kwingine. Shahidi akipewa kitu ndani ya wosia, au mume wake au mke wake akipewa, wosia unabaki hai lakini zawadi hiyo inakufa. Kwa hiyo yule mtoto mwaminifu aliyekaa na mzee hospitali, akaitwa asaini kama shahidi kwa kuwa ndiye aliyekuwepo, amejinyang'anya urithi kwa kalamu yake. Mtego wa pili: kufunga ndoa kunafuta wosia uliotangulia. Mjane au mgane anayeoa tena na kudhani watoto wa kwanza wamelindwa na karatasi ya zamani, hawajalindwa.

Mtu akituuliza afuate ipi kama hana hakika, jibu letu ni moja: timiza masharti makali kuliko yote. Mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili baki, wote wanajua kusoma, hakuna hata mmoja anayerithi wala mwenzi wake, wote chumbani kwa pamoja, wamwone akisaini, nao wasaini mbele yake. Wosia wa namna hiyo unapita mlango wowote kati ya hiyo miwili, wa mila na wa sheria ya 1865. Gharama yake ni soda mbili za ziada.

Kwa Muislamu hesabu ni nyingine. Kwanza gharama za mazishi na madeni, ukiwemo mahari ambao haujalipwa. Katika kilichobaki, wasia hauvuki theluthi moja, na haumpi mrithi mwenye fungu isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya kifo. Wengi husikia hilo wakaona basi hakuna haja ya kuandika, kwa kuwa mafungu yamekwisha kupangwa. Hapo ndipo wanapokosea. Mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa huzuiwa na ami zake. Mtoto wa kulea hana fungu. Mke asiye Muislamu harithi. Theluthi ndiyo njia yao, na isipoandikwa hawana njia. Andika pia madeni unayodai na unayodaiwa, maana deni lisilojulikana hula mafungu ya wote.

Kwa wanaofuata mila, uhuru ni mdogo kuliko wanavyodhani. Kumnyima mtoto urithi kunataka sababu inayotambulika, kama kumshambulia mzazi au kujaribu kumuua, kuzini na mke wake, au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa. Sababu iandikwe wazi, na anayenyimwa awe amepewa nafasi ya kujitetea. "Simpi kwa sababu anazozijua mwenyewe" ni sentensi tamu kuiandika na nyepesi kuivunja. Upande mwingine, wosia ndiyo ngao ya wale ambao mila za 1963 ziliwasahau, hasa mjane, ambaye fungu lake kwa mila hizo ni kutunzwa na watoto wake. Kuna kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa baba yake, kwa wosia halali, akaliuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa kuwa alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Kesho yake ndugu wa ukoo alifungua shauri akidai mwanamke haruhusiwi kuuza shamba la ukoo. Lilipofika Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inabagua na haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Hukumu hiyo hutajwa sana kwa ajili ya usawa. Sisi tunaitaja kwa kitu kidogo zaidi: wosia wa baba ndio uliomfikisha shambani bila kugombaniwa, na kilichobaki kubishaniwa kikawa kuuza tu.

Ndani ya wosia wenyewe, makosa ni yale yale miaka nenda rudi. "Nyumba yangu ya Mbagala apewe Juma." Nyumba ipi, kama alikuwa na mbili? Juma yupi, kama yupo mwana na yupo mpwa? Andika namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na namba ya hati. Kwa eneo lisilopimwa taja majirani wa pande nne na mtaa au kitongoji. Majina yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kisha "anayejulikana pia kama". Jina lako mwenyewe hasa: hati ya kiwanja inasema hivi, akaunti inasema vile, cheti cha ndoa kina la tatu, na mirathi inasimama kusubiri viapo vya majina.

Usigawe kisicho chako. Mwenzi wako ana haki yake katika nyumba mliyoipata pamoja, iwe jina lake limo kwenye hati au halimo. Mafao ya wategemezi ya mfuko wa hifadhi ya jamii hufuata sheria ya mfuko; huwezi kuyaelekeza kwa wosia. Shamba la ukoo lina wenyewe wengi.

Weka kifungu cha mabaki: mali nyingine yoyote nitakayokuwa nayo siku ya kufa kwangu apewe fulani. Bila hicho, gari ulilonunua miaka miwili baada ya kuandika litagawiwa kana kwamba hukuacha wosia, na utakuwa na mirathi mbili ndani ya moja. Sema pia itakuwaje mrithi akitangulia kufa. Taja wasii na wa akiba wake, watu uliowauliza wakakubali. Kuna mtu aliyetajwa wasii bila kujua, na siku ya kuitwa yuko Muscat kikazi na hana mpango wa kurudi. Mahakama ya Mwanzo, hata inapoteua msimamizi yenyewe, inatakiwa kuzingatia matakwa ya marehemu, lakini haiwezi kumlazimisha mtu asiyetaka.

Kurasa zipewe namba kwa mtindo wa "1 kati ya 3" na zisainiwe zote na wewe pamoja na mashahidi. Kosa la kuandika likatwe kwa mstari mmoja na lisainiwe na wote, au bora ukurasa uchapwe upya. Muhuri wa wakili si sharti la uhalali. Wapo wanaolipa muhuri wakasahau mashahidi, na hicho walichonacho ni karatasi yenye muhuri. Kwa mgonjwa au mzee sana, cheti cha daktari cha siku hiyo hiyo kinachosema akili yake ni timamu kina thamani kubwa kuliko muhuri wowote, kwa sababu hoja ya kwanza ya mpingaji itakuwa kwamba mzee alikuwa hajitambui. Usiandike namba za siri za benki wala za simu. Wosia utasomwa na watu usiowajua, utakaa kwenye jalada, na salio la simu litatolewa kwa warithi kwa barua ya mahakama hata hivyo.

Saini wosia halisi mmoja tu. Wanaosaini mitatu ili kila upande uwe na wake wanajitengenezea kesi: mmoja ukikosekana, mpingaji atauliza kama ulichanwa makusudi. Nakala zipigwe, ziandikwe NAKALA kwa herufi kubwa kila ukurasa, na chini iandikwe wosia halisi umetunzwa wapi. Nakala hiyo mpe wasii. Huhitaji kumwambia mtu nani kapata nini; unahitaji watu wawili au watatu wajue upo na uko wapi. Hii ndiyo tofauti kati ya siri ya maudhui na siri ya mahali, na ya pili haimlindi yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hawakuwa na wanasheria.

Ukiweka RITA, benki au kwa wakili, dai stakabadhi, na stakabadhi iishi pamoja na hati ya nyumba, mahali ambapo ndugu watatazama kwanza. Ukibadilisha wosia, andika mpya wote na useme wazi kwamba umefuta wa tarehe fulani. Nyongeza ndogondogo nazo zinataka mashahidi wale wale kwa taratibu zile zile, na mara nyingi ndizo zinazosahau tarehe. Kisha nenda ukautoe ule wa zamani ulikokuwa, vinginevyo siku moja utaibuka ukiwa safi na mihuri yake, mikononi mwa mtu ambaye mpya haukumtaja.

Walio Uingereza wana unafuu na kero yao. Huko wosia ukishathibitishwa huwa wazi kwa umma, na yeyote anaweza kulipa ada akapata nakala, tangu zile za mwaka 1858. Mtoto wa Mtanzania aliyefia Leicester haombi ruhusa ya baba wa kambo kusoma wosia wa mama yake. Halisi hubaki serikalini. Mwisho wa 2023 serikali yao ilipendekeza kuzigeuza karatasi hizo kuwa za dijitali na kuharibu nyingi kati ya zile halisi, na wanahistoria wakaja juu. Kama marehemu aliacha mali huko na nyumba Tegeta, kibali cha mahakama ya Uingereza hakifanyi kazi hapa chenyewe. Hupelekwa Mahakama Kuu kigongwe muhuri upya. Kwa hiyo ombeni kule nakala zilizothibitishwa za kibali pamoja na wosia kabla hamjapanda ndege, na majina ya mashahidi pamoja na namba zao za simu ziwe kwenye bahasha hiyo hiyo.